Picha za "haremu" sebuleni: ndivyo Waarabu walivyoishi majumbani?

"Asalam aleikum mwalimu. Nasimamia gesti ndogo hapa Lamu. Bosi wangu ni Mzungu, katuletea printi tatu kubwa za fremu anataka zitundikwe sebuleni na chini yake kibandiko cha 'Maisha ya Waarabu wa Pwani, karne ya 19'. Moja ni Wanawake wa Algiers ya Delacroix, ya pili ni hamamu, yaani bafu la umma, limejaa wanawake uchi, ya Ingres, ya tatu ni ya Gérôme, mwanamke mweupe anaogeshwa na mwanamke mweusi. Mjomba wangu kaziona kakasirika, anasema ni uongo mtupu, zilichorwa kututukana, na hata hizo habari za masuria na watumwa ni uzushi wa Wazungu. Bosi anasema Delacroix aliingia ndani akaona kwa macho yake. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa kutawa, mchana hatoki, na aliyokuwa akitusimulia hayafanani kabisa na picha hizi. Nani mkweli? Na nizitundike au niziache stoo?"

Waaleikum salaam dada yangu, na pole kwa kuwekwa kati na watu wawili ambao kila mmoja ana lake la kweli na lake la kukosea. Nikikuelewa vizuri una maswali mawili, la kwanza kama picha hizi za haremu, yaani za sehemu ya nyumba ya wanawake, zinasema kweli kuhusu maisha ya ndani ya Waarabu, la pili ufanye nini bosi akija na nyundo na misumari. Ntaanza na la kwanza manake la pili linasimama juu yake.

Ila kabla ya yote, kile kibandiko usikibandike. Hata kama hujaamua chochote kuhusu picha zenyewe, hicho ni kosa la wazi. Zote tatu ni za wachoraji wa Kifaransa wa karne ya 19, na hakuna hata moja inayohusu Lamu, wala Unguja, wala Muscat. Ya Delacroix ni ya Algiers, mji wa Algeria ya leo uliokuwa umetekwa na Wafaransa miaka michache tu nyuma. Ya Ingres ni hamamu la Kituruki, na Mturuki sio Mwarabu, tena barua iliyompa Ingres hiyo habari inaelezea hamamu la Sofia, huko Bulgaria ya leo. Ya Gérôme inatokana na safari zake za Cairo. Mchoraji wa Paris wa wakati ule alikuwa anaweza kuchanganya Algiers, Istanbul, Cairo na Damascus kwenye chumba kimoja na mnunuzi asishtuke, kwa sababu kwake yote ilikuwa "Mashariki" tu. Sasa ukiongeza na Lamu humo ndani unaendeleza kazi ileile, na safari hii mwenye kuchanganywa ni wewe.

Tuje kwenye kiini. Wewe unaishi Lamu kwa hiyo hili utalielewa haraka kuliko wanafunzi wengi wa Ulaya. Fikiria nyumba ya kizamani ya mawe: kuna baraza nje, kuna daka, yaani ukumbi wa mlangoni, ukishapita daka kuna ua, alafu ndo unaingia msana, kile chumba kirefu cha mbele, na ndani. Mgeni mwanamume asiye jamaa anaishia wapi? Anaishia baraza au daka, anakaribishwa kahawa, anaheshimiwa, na hapo ndo mwisho wake. Cairo nako ilikuwa hivohivo kwa mpango wao, chini kuna mandara ya kupokelea wageni wanaume, watu wa nyumbani wako juu. Kwa hiyo mchoraji wa kiume kutoka Ulaya alikuwa ni mtu wa baraza. Kitu pekee alichokuwa na kiu nacho, na ambacho wanunuzi wake Paris na London walikuwa tayari kukilipia, kilikuwa nyuma ya mlango ambao hafunguliwi. Ukweli haukupatikana na soko lilikuwepo, basi pengo likajazwa na mawazo ya mchoraji, na wengi wao hawakuchora kile walichokiona, walichora kule kunyimwa kuona. Ndo mana kwenye picha nyingi za aina hii unahisi unachungulia tundu la ufunguo.

Sasa bosi wako anasema Delacroix aliingia. Kasema kweli, lakini ni kweli fupi. Delacroix alitoka Ufaransa Januari 1832 kwenye msafara wa balozi, Comte de Mornay, aliyetumwa kwa Sultani wa Morocco Moulay Abd er-Rahman, na sababu yenyewe ya safari ni kwamba Wafaransa wameshaiteka Algiers 1830 wakawa wanataka kutulizana na jirani. Huko Morocco kwa wanawake wa Kiislamu hakuingia. Waliomfungulia ni Mayahudi wa Tangier, mkalimani wa msafara Abraham Benchimol alikuwa Myahudi wa hapohapo, na akaalikwa harusini. Miaka baadaye akaichora ile harusi, ikaonyeshwa Paris 1841. Itafute uitazame, ua umejaa watu, wapiga muziki wamekaa chini, mtu anacheza, wengine wamesimama wanapiga soga, kila mtu ana shughuli yake. Alafu irudie ile ya Algiers, wanawake watatu wameketi kimya, hakuna mwenye shughuli. Mchoraji ni yuleyule na safari ni ileile! Kwenye nyumba moja alialikwa mgeni, kwenye nyingine alipitishwa dakika chache. Mimi nikifundisha naziweka picha hizi mbili ubavu kwa ubavu kabla sijasema neno.

Na huko Algiers alipita mwisho wa Juni 1832 kwa siku tatu tu. Inavyosimuliwa ni kwamba mtu mmoja aliyekuwa akifanya kazi bandarini chini ya Wafaransa alibembelezwa sana mpaka akakubali kumuingiza kwake. Hapo ujiulize jambo moja: mji una jeshi la kigeni, bosi wako ni Mfaransa, anakuja mgeni wa bosi anataka kuona wake zako, unaweza kukataa kwa urahisi? Mwaka huohuo, Desemba, msikiti wa Ketchaoua ulichukuliwa ukafanywa kanisa. Kwa hiyo ndio, aliona kwa macho yake, lakini kilichosukuma ule mlango ni ushindi wa vita. Kitu kingine kinachoniuma kila nikikikumbuka, kwenye michoro yake ya rangi za maji aliyoifanya hukohuko aliandika majina ya wale wanawake, Mouni na Zohra, na rangi za nguo zao. Ile picha kubwa ilipotoka Paris 1834, ikanunuliwa na Mfalme Louis-Philippe, majina hayapo tena, wamebaki "wanawake wa Algiers". Watu wenye majina wakaondoka, ikabaki aina.

Sitaki ufikirie kwamba naidharau. Ile ya Delacroix ni kazi kubwa, wanawake wamevaa na wamekaa kwa heshima yao, jinsi alivyozipanga zile rangi za vigae, mazulia na hariri wachoraji wamejifunza kwake mpaka leo. Ila uzuri wake ni suala moja na ushahidi wake ni suala lingine.

Ya Ingres ndo inanipa kazi zaidi, manake Ingres Mashariki hakukanyaga kamwe, mwisho wake ulikuwa Italia. Hamamu lake alilimaliza 1862 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, na yule mwanamke aliyekaa mbele kakupa mgongo na kinanda chake ni mgongo uleule aliouchora 1808, kaurudia tu. Habari za hamamu alizitoa kwenye barua za Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza kwa Waturuki, aliyeingia hamamu la wanawake 1717, na barua zake zikachapishwa 1763. Ingres alinakili vipande vyake kwenye daftari. Sasa sikiliza yule mama aliandika nini: kwamba wanawake kama 200 walimpokea kwa adabu, hakuna aliyemcheka wala kumnong'ona, hakuona ishara yoyote ya utovu wa haya, wengine wanapiga soga, wengine wanafanya kazi za mkono, wengine wanakunywa kahawa au sharubati, na kwamba hamamu kwa wanawake ni kama mkahawa, ndipo habari zote za mji zinaposimuliwa. Ingres akachukua uchi akaziacha habari za mji. Kwenye picha yake hakuna anayesimulia lolote, miili imejazana kwenye duara inasubiri kutazamwa. Kwa hiyo shahidi mwanamke alikuwepo, maneno yake yalikuwa mkononi mwa mchoraji, na bado hakusikilizwa. Mtu akikwambia Wazungu hawakuwa na namna ya kujua, huo ndo mfano wa kumjibu.

Gérôme ni tofauti. Huyu alikwenda kweli, safari yake ya kwanza Misri ni 1856 na akarudi tena na tena, akakusanya nguo na vyombo, akatumia na picha za kamera, alafu akamalizia kazi kwenye studio yake Paris na modeli wa kulipwa. Iangalie vizuri ile ya 1870 uliyoletewa: vigae vya ukutani vinang'aa, beseni la shaba mikononi mwa yule mwanamke mweusi unaweza karibu kuligonga likalia, brashi yenyewe huioni. Na hapo ndipo mtu anaponaswa. Akili inasema kama kigae ni cha kweli na beseni ni la kweli, basi na mwanamke ni wa kweli. Hapana. Mahamamu yalikuwa na zamu au vyumba, wanaume mbali wanawake mbali, na kwenye zamu ya wanawake mwanamume hakai na penseli. Kigae cha kweli kimetumika kumdhamini mwanamke wa kutungwa.

Alafu yule dada mweusi. Naona kwenye swali lako umemtaja kwa kupita, mimi nataka tusimame naye kidogo. Kwenye picha za namna hii yupo karibu kila mara, na kazi aliyopewa na mchoraji ni moja, weupe wa mwenzake uonekane zaidi. Kwa Delacroix naye yupo, upande wa kulia, amegeuka mgongo anaondoka. Watu kama yeye walikuwepo kweli Cairo na Algiers, walitolewa Sudan na kusini ya Sahara, wakapitishwa jangwani, wakauzwa. Gérôme anakuonyesha kilemba chake na misuli ya mkono wake kwa ustadi wa ajabu, lakini katoka wapi, nani kamleta, anaitwa nani, picha haina nafasi ya hayo.

Ndo hapa sasa namgeukia mjomba, kwa heshima zote. Mjomba ana haki ya kuchukia. Lakini akisema utumwa na usuria ni uzushi wa Wazungu anakosea, na ni kosa zito kwa sababu linawafuta watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Zanzibar ilitoka 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje, wakangoja mpaka 1909. Kuna familia nyingi za pwani ambazo bibi wa bibi alikuwa suria, na watu wanajua, wanakaa kimya tu. Uongo wa picha za Ulaya sio kwamba zimeonyesha watumwa, ni kwamba zimeugeuza utumwa kuwa starehe ya kutazama. Wala sio kwamba kila mchoraji alikaa chini akasema leo nawatukana Waislamu. Wengi walikuwa wanapenda walichokichora, kwa mapenzi ya mtu ambaye hakuuliza, na soko likawalipa kwa kutokuuliza.

Wapo waliouliza. Henriette Browne, mwanamke wa Kifaransa, alitembelea nyumba Istanbul 1860, mwaka uliofuata akaonyesha Paris picha ya wanawake wanaowapokea wageni wao, wamevaa kamili, wamesimama, mtoto yupo, chumba kitupu karibu. Ni ziara tu, kama ziara yoyote ya Idi. Lakini kuwa mwanamke peke yake hakukutosha. Elisabeth Jerichau-Baumann wa Denmark aliingia Istanbul 1869 akakutana na Nazlı Hanım, binti wa ukoo wa watawala wa Misri, msichana aliyesoma na mwenye lugha za Ulaya, na bado alipokuja kumchora kwa ajili ya soko 1875 alimlaza kwenye kochi kwa mtindo uleule wa haremu. Soko lilikuwa na nguvu kiasi hicho.

Na kwa upande wetu hatuna haja ya kuwategemea hao peke yao, manake tunaye Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, aliyezaliwa Unguja 1844 na mama yake suria wa Kicherkesi, watu weupe wa milima ya Kaukazi, yaani hasa yule mwanamke ambaye Wazungu walikuwa wanamchora kwa kukisia. Aliondoka 1866, akaolewa na Mjerumani, akawa Emily Ruete, na kumbukumbu zake zikatoka kwa Kijerumani 1886. Analalamika waziwazi kwamba mtu anakaa wiki chache Istanbul au Misri alafu anaandika kitabu kinene kuhusu wanawake ambao hajawahi kuwaona. Ukisoma Bet il Mtoni, jumba la baba yake, alivyoieleza unasikia kelele kwanza: Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kihabeshi, vyote kwa pamoja, watoto wanakimbizana, tausi na paa uani, foleni ya bafu, ugomvi wa mabibi, mama yake ameshika kazi ya mkono. Yeye mwenyewe alijifundisha kuandika kwa siri, ananakili herufi za Qurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, na 1859, akiwa msichana wa miaka 15, akawa ndiye mwandishi wa barua za njama ya kaka yake Barghash dhidi ya Majid, kaka yao aliyekuwa Sultani. Niambie kwenye picha gani ya haremu umewahi kumuona mwanamke ameshika kalamu anapanga mapinduzi.

Lakini naye tumsome kwa macho mawili. Alikuwa binti wa Sultani, kumbukumbu zake zilitoka miaka ishirini baada ya kuondoka, na alipofika kwenye utumwa aliutetea. Kwa waliokuwa wanambebea maji na kumfulia tungehitaji mdomo mwingine. Bibi yako naye ni ushahidi wa namna hiyohiyo, ni wa nyumba moja na wa karne nyingine, usimfanye asemee pwani nzima, ila alichokwambia kinaoana na hata daftari za makadhi za Cairo, Istanbul na Algiers, ambako wanawake waliokuwa hawaonekani barabarani wameandikwa wakinunua nyumba, wakiweka wakfu, wakiwadai waume zao mahari. Kutawa hakukuwa kulala kwenye mito. Kulikuwa na uzito wake na mipaka yake, wapo waliobanwa na wapo waliopata hadhi, na kulikuwa na kazi nyingi.

Haya, ya kutundika. Mimi ningekuwa wewe ningeitetea ile ya Delacroix ibaki, kwa maelezo sahihi: jina la mchoraji, Algiers, 1834, imechorwa Paris baada ya Wafaransa kuuteka mji. Maneno machache tu, mgeni mwenye akili atajiongeza. Ile ya Ingres na ile ya Gérôme sebuleni pa Lamu nisingeziweka, na sababu yangu sio kwamba uchi haufai kwenye sanaa. Kwanza zinadai kusema jambo kuhusu watu wanaoishi nyumba za jirani na jambo lenyewe sio kweli, na pili kuna wafanyakazi wenu, akina mama wanaofagia hapo kila asubuhi, na wazee wanaopita kuleta samaki, hao hawakuulizwa. Bosi akishikilia kwamba ni sanaa kubwa mwambie ni kweli, aziweke chumbani kwake. Akitaka kubaki na zote tatu basi angalau aondoe kibandiko na aongeze kitu cha kuzijibu, hata ukurasa mmoja wa maneno ya Salme kwenye fremu. Kuzificha stoo bila kuzungumza naye ndo njia nisiyoipenda kuliko zote, atazitoa siku haupo.

Usibishane naye peke yako. Mpeleke kwenye ile nyumba ya makumbusho ya Waswahili hapohapo Lamu, mtembee naye kuanzia daka mpaka ndani, asimame pale kwenye daka aone mwenyewe mgeni alikuwa anaishia wapi, na mwombe mtu wa makumbusho afuatane nanyi, maneno ya mtu wa kazi yake yanapokelewa tofauti na ya mfanyakazi. Kama kuna siku ataleta mchoro wa zamani wa mkono badala ya printi, usiufute vumbi wala kuutundika ukuta wenye unyevu wa bahari, tafuteni mhifadhi wa makumbusho auone kwanza. Na kama mna picha za kamera au postikadi za zamani za familia, Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani wanaweza kukusaidia kujua ni ya nani na ya lini. Nasema hivi kwa sababu nahisi wazo litakalokujia ni kutoa printi za Ufaransa na kuweka picha ya bibi. Hapo kaa kwanza na mjomba na wanawake wakubwa wa familia muulizane. Huyo ni mtu aliyeishi maisha yake yote haonekani na wanaume wasio wake, na ukuta wa gesti unaonwa na kila mpita njia aliyelipa chumba. Wakikataa, weka kanga yake au kofia aliyoishona, na maelezo mafupi ya kazi aliyokuwa akiifanya.